Moyo wa Taratibu

Fundi viatu alimpenda mkewe kwa upole wake. Mtaa mzima ulimwita Taratibu: mwanamke wa kupiga cherehani huku akiimba chinichini, hana neno na mtu. Rovu, ule uvimbe wa shingoni, alikuwa nalo tangu usichana, lakini pale kwao mlimani nani hakuwa nalo? Mama mkwe analo, mwenye duka analo. Walitaniana wenyewe kuwa asiye na rovu ni mgeni.

Basi bwana, mwaka huo Taratibu akabadilika. Anakula kama mchimba mitaro, na bado anakonda. Usiku anatupa shuka, jasho linamtiririka, usingizi hana. Mikono inatetemeka mpaka uzi haupiti kwenye tundu la sindano. Na mdomo je! Kijiko kikianguka tu, anawaka.

Fundi viatu, na wivu wake ule, akajipa jibu: huyu ana mtu.

"Baba watoto, moyo unanienda mbio," mkewe akamwambia siku moja, mkono kifuani.

"Mpelekee huyohuyo anayeukimbiza," akajibu, macho kwenye soli.

Taratibu alimtukana, tena akamtukana vizuri, kisha akalia. Habari za moyo hakumwambia tena.

Asubuhi moja akaanguka kando ya cherehani. Kiharusi. Hospitalini daktari alimpapasa shingo, akapima damu, akamweka fundi kitako. Chakula cha kule mlimani kimekosa madini joto miaka nenda rudi, alisema. Rovu likaota vinundu, na sasa vinundu vinafanya kazi kupita kiasi. Ndivyo vilivyomkondesha, vikamtetemesha, vikamtia ukali. Moyo ukapiga ovyo, damu ikaganda, bonge likapanda kichwani.

"Hakuwahi kulalamika moyo kwenda mbio?"

"Alilalamika," fundi akasema.

Dawa zilivituliza vinundu. Unene ukarudi, mtetemo ukaisha. Lakini sauti na mkono mmoja, vilivyochukuliwa na kiharusi, havikurudi.

"Afadhali, Taratibu wetu karudi," majirani wakafurahi. Fundi alitamani kuwafukuza wote.

Walipoondoka, akapiga magoti mbele ya kiti cha mkewe.

"Mama watoto, nilikukosea. Nitukane. Hata tusi moja tu."

Taratibu alimtazama sana. Akanyanyua mkono wake mzima, akaushika wa mumewe, akauweka kifuani, palepale alipokuwa ameshika siku ile. Moyo ulikuwa unapiga polepole.