Mawe Meupe ya Darubini

"Bado hatua arobaini," Darubini alinong'ona. "Sasa kimya. Hata kikohozi kimeze, shemeji."

Shemeji yake, dereva wa gari la watalii, akakimeza. Nyuma yake alikuja mgeni wao wa siku hiyo, mwalimu mstaafu. Mara mbili bibi huyo alikwishafunga safari kuja jangwani kumtafuta mkimbiaji, ndege mdogo wa rangi ya mchanga anayetaga juu ya changarawe tupu, na mara mbili alirudi mikono mitupu. Leo aliahidiwa kiota.

Jina la Darubini mwongozaji huyu alilipata enzi zile akiona unyoya pale wenzake walipoona vumbi. Sasa macho yalikuwa yameingia ukungu. Mwenye kampuni hakujua. Angejua, kazi ingekwisha siku hiyo hiyo. Kwa hiyo kila alipogundua kiota kwa kusikiliza mlio, alipanga mawe matatu meupe hatua kumi kando yake. Kesho yake alitafuta weupe, si ndege.

Weupe ule hapo mbele ulikuwa na doa jeusi juu yake.

"Kile nini?" Darubini akauliza.

"Kunguru," dereva akasema.

Kunguru aliondoka bila haraka, kama mtu aliyeshiba. Kiotani palibaki maganda mawili na ute uliokauka.

"Cha tatu hiki msimu huu," dereva akasema kwa sauti ya chini. "Amesoma mawe yako, shemeji. Anazunguka kituo kwa kituo kama mkaguzi wa shule."

"Amejuaje kuja hapa?" mwalimu akauliza.

Dereva akakohoa kwa nguvu. Darubini alimsikia, akaelewa, na bado akasema, "Mimi ndiye niliyemwelekeza. Macho yangu yamechoka, Mwalimu. Naweka alama."

Upepo ukapita. Mwalimu akauliza, "Alama ngapi zimebaki?"

"Tano."

"Basi tunasimama hapa kufanya nini?"

"Na kesho utawaonyesha wageni nini?" dereva akafoka. "Dada yangu nimwambieje?"

Darubini aliinama, akaokota mawe yale matatu, akayatia mfukoni. Suruali ikashuka, akakaza mkanda.

Walizunguka alama kwa alama wakiokota mawe hadi jua likawa utosini. Viota viwili vilikuwa vimekwishaliwa. Kwenye alama ya mwisho mwalimu alimshika Darubini mkono.

"Yupo. Katandaza mbawa, anayakinga mayai na jua."

Darubini akachukua mawe taratibu, akarudi kinyumenyume mpaka aliposimama mwalimu. Kisha akatazama. Changarawe, na changarawe.

"Bado yupo?"

"Yupo."

"Kichwa kaelekeza wapi?"

"Kwetu. Anahema, mdomo wazi."

Darubini akatikisa kichwa kukubali, mifuko imemwelemea pande zote mbili, uso ameuelekeza palepale aliposimulia mwalimu.

"Endelea," akasema. "Na mgongo wake ukoje?"