Kamba Iliyofungwa Kwenye Usukani

Saa moja na nusu asubuhi, Jumamosi moja ya Oktoba, boti ya uvuvi isiyo na mtu ilikuwa ikizunguka yenyewe kwenye mkono wa kaskazini wa Ziwa Coulter, injini ikinguruma. Ndani ya duara lake kilionekana kichwa cha mtu na mabega ya jaketi la kuelea la rangi ya chungwa.

Niliiona nikiwa kwenye mteremko wa zege wa kushushia boti. Mimi ni askari wa hifadhi hii ya jimbo. Boti niliijua: ni ya Delmar Fenske, fundi bomba mstaafu, ambaye kila vuli hupiga kambi hapa na mkewe Lorene na Royce, mdogo wake Lorene.

Maji yalikuwa yamepungua tangu Agosti, na visiki vya msitu uliozamishwa bwawa lilipojengwa vilikuwa karibu na uso wa maji. Boti ikigonga kisiki kwa kasi, humtupa mtu nje. Kwa sababu hiyo kila boti ya namna hii ina kamba fupi nyekundu: ncha moja huchomekwa kwenye swichi ya injini, nyingine, yenye ndoano, dereva hujifunga kiunoni. Akianguka, kamba inachomoka kwenye swichi na injini inazima. Hii haikuwa imezima.

Jioni iliyotangulia nilikuwa nimepita kambini kwao kukagua mioto. Boti ilikuwa imefungwa ukingoni, na Royce alikuwa kwenye kiti cha dereva, bia mkononi.

"Shemeji, hii kamba ya mbuzi ni ya nini?"

"Hebu iache. Nikianguka inazima injini."

"Uanguke, kwani we mtoto wa chekechea? Wa kufungwa ni huyu, asije akatoroka." Akainasa ndoano ya kamba kwenye usukani.

"Lorene, mdogo wako ana maneno mengi kuliko samaki wake," Delmar alisema.

"Samaki gani?" Lorene akajibu. "Huyo tangu azaliwe hajavua hata kiatu."

Walicheka. Ndoano ilibaki kwenye usukani.

Sasa Royce alikuja mbio, hana viatu, akaruka ndani ya boti yangu kabla sijaifungua.

Boti inayozunguka hivyo haikai mahali pamoja. Upepo huisukuma, na duara lote husogea nayo. Asubuhi hiyo upepo ulitoka magharibi, na ukingo wa duara ulikuwa ukimkaribia Delmar kila mzunguko.

"Usiogelee!" nilimpigia kelele tulipomkaribia. "Kaa katikati!"

"Miguu imekufa ganzi!" Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Royce! Leo umepata samaki!"

"Nyamaza, shemeji! Tunakuja!" Kisha kwangu: "Nisogeze, afande, niirukie."

"Huruki popote. Kaa chini."

Njia iliyobaki ilikuwa kutupa kamba ndefu ya kuvutia watu wanaoteleza juu ya maji mbele ya boti ile, ili propela iinase na injini ikwame. Nilitupa. Boti ilipanda wimbi lake lenyewe, ikaruka juu ya kamba na kuendelea. Royce aliivuta kamba kwa mikono miwili, akitukana kwa sauti ya chini. Boti ilizunguka. Delmar aliiona ikimjia na akajaribu kujizamisha, lakini jaketi lilimrudisha juu.

Boti ilipita juu yake.

Nilitupa mara ya pili. Kamba ilinaswa, injini ikakohoa na kunyamaza. Tulimpandisha Delmar. Paja la kulia lilikuwa limekatwa juu ya goti hadi mfupa. Nililifunga kwa mkanda wa Royce na kuukaza kwa kipande cha kasia. Delmar alikuwa anapumua.

Gari la wagonjwa nililoliita kwa redio lilikuwa tayari kwenye mteremko, na Lorene kando yake, mwiko wa kukaangia bado mkononi. Wahudumu walimpakia Delmar.

"Kamba," Lorene aliniuliza. "Hakujifunga?"

Sikuwa nimeikagua boti ile, nikamwambia sijui. Royce ndiye aliyejibu.

"Iko kwenye usukani, dada. Niliifunga jana."

"Na hukuifungua."

"Sikuifungua."

Lorene alimkabidhi mwiko, akapanda nyuma ya gari. Royce alipoweka mguu kwenye ngazi, Lorene alivuta mlango, akaufunga kutoka ndani.

Niliivuta boti hadi gatini. Ncha moja ya kamba nyekundu ilikuwa kwenye swichi, na ndoano ilikuwa kwenye usukani. Saa mbili na dakika hamsini hospitali ilipiga simu kwamba Delmar Fenske amefariki.