Vistari vya Jumapili

Pooo! Honi ya lori ililia ndani ya nyumba.

Nkwabi, aliyekuwa uani akianika shati la kuvaa kesho, akacheka peke yake. Honi ile aliirekodi mwenyewe barabarani hapo mtaani Kambarage, akaiweka kwenye programu yake ya mtandaoni ya kufundishia ubashiri ili imzomee kila anayekosa. Ikalia tena. Ilipolia mara ya tatu akaingia ndani.

Asteria, aliyesoma naye takwimu chuoni, alikuwa ameinamia kompyuta. Kwenye kioo kulikuwa na mchoro wa mvua ya kijiji cha Samuye, siku baada ya siku, miaka kumi na moja. Mwanafunzi anachagua vipande vya modeli yake: mwelekeo wa miaka, msimu, marudio ya wiki. Kisha anabashiri siku kumi na nne zinazofuata, na programu inamfunulia mvua iliyoandikwa na kumpa alama. Kesho saa nne wanafunzi ishirini wangeifungua kwa mara ya kwanza, na mkuu wa idara chuoni angeamua kama itaingia kwenye masomo.

“Bado hutaki marudio ya wiki?” Nkwabi aliuliza. “Weka tu, dada, upate tisini zako. Unaumia bure.”

“Siweki. Mvua inajuaje kwamba leo Jumapili?”

“Si uitazame! Jumapili sifuri, Jumatatu inamwaga. Miaka kumi na moja! Mimi sijabuni kitu.”

“Aliyeandika ni nani?”

“Shangazi Mbuke. Ana kipimo cha mvua uani kwake huko Samuye. Daftari lake nimelinakili kwa vidole hivi, mstari kwa mstari.”

“Mpigie.”

Akampigia, akaweka spika ili Asteria aaibike vizuri.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba, ng'wanone, mwanangu. Umekula?”

“Nimekula. Eti shangazi, huko kwenu Jumapili mvua huwa hainyeshi?”

Shangazi alicheka mpaka akakohoa. “Nani kakudanganya? Jumamosi jioni nakwenda kulala kigangoni, kwaya yetu inaimba misa ya kwanza. Jumapili asubuhi sipo kupima, Jumatatu nakikuta kipimo kina maji ya siku mbili. Ndiyo maana Jumapili naweka kistari. Hukuviona vistari vyangu?”

Aliviona. Mamia. Kila kimoja alikiandika sifuri, kwa sababu programu ilikataa kusoma kistari naye alikuwa na haraka.

Akamuaga shangazi, uso ukimchoma. Angeweza kunyamaza. Modeli yake, yenye marudio ya wiki, ililibashiri daftari vizuri kuliko ya Asteria, na wale ishirini wasingejua. Lakini wangekuwa wanajifunza kubashiri safari za shangazi kwenda kwaya, na kuziita mvua.

“Sema basi,” Asteria alisema. “Au nikupigie honi?”

“Nipigie.”

Pooo! Asteria alicheka sana, Nkwabi kidogo. Akavuta kiti, akafungua faili, akaanza kufuta sifuri za Jumapili moja moja na kuziacha nafasi zake wazi. Kila Jumatatu aliiandikia: maji ya siku mbili.

“Na kesho?” Asteria aliuliza.

“Kesho, kabla hawajagusa kitu, nitawaonyesha kosa hili. Nitasema ni langu, na aliyelikamata ni wewe, mkuu wa idara akiwa amekaa pale pale mbele. Nakuahidi, Asteria.”