Bibi Mirini na Chumba cha Bi Harusi

Siku hiyo mjinga alikuwa Stamatis mwenyewe, na hakuna aliyemsukuma. Alikuwa uani akichimba msingi wa chumba, kwa kuwa kisiwani kwao binti haolewi hivihivi. Baba humjengea pa kuishi. Koleo likagonga marumaru. Jirani yake yeyote angerudishia udongo, akamwaga zege, akaenda zake kunywa kahawa. Stamatis akaipigia simu ofisi ya mambo ya kale.

Kabla maafisa hawajafika, marumaru ilisogea, akatoka bibi kizee. Alijikung'uta vumbi, akasema anaitwa Mirini na kwamba njaa inamuuma. Kaliopi, mke wa Stamatis, akamletea kiti na sahani ya tini.

Maafisa wakazungushia utepe shimo, kisha ua, kisha mlango wa jiko. Ujenzi marufuku.

"Mpaka lini?" Stamatis aliuliza. "Binti yangu Anthula anaolewa Agosti!"

"Mpaka uchunguzi uishe," alijibu mkuu wao, Bi Despina.

"Jamani, mimi hicho chumba hakinisumbui," Mirini alisema. "Mjengeeni mtoto."

"Bibi, kilichochimbuliwa hakiulizwi maoni."

Damu ikamchemka Stamatis. Akawaburura wote wawili hadi ufukweni, kwenye hoteli ya Lefteris, iliyomwagiwa zege juu ya makaburi huku kisiwa kizima kikitazama. Kama kawaida ya saa zile, wafu walikuwa wameshapanda kupitia tundu la bwawa la kuogelea, wamejilaza kwenye vitanda vya jua, watalii wakiwapaka mafuta mgongoni. Mmoja akampungia Mirini mkono. Alikuwa binamu yake.

"Na hawa je?" Stamatis alifoka. "Mbona hapa sioni utepe?"

Bi Despina alivua viatu, akaagiza kahawa ya barafu. "Hawa ni wageni wa hoteli, bwana. Huoni wana taulo?"

Agosti ikafika. Anthula akaolewa, akapanda meli na mumewe kwenda mji wa Pirea kwenye nyumba ya kupanga. Stamatis alirudi kutoka bandarini peke yake, akainama kupita chini ya utepe ili aingie kwake. Mirini alikuwa mezani, anakula.

"Bibi wewe! Ungetulia tu huko chini, leo mwanangu angekuwa hapa!"

Mirini alimenya tini bila haraka.

"Mimi nimenyamaza huko chini miaka elfu mbili na ushee. Wewe kunyamaza asubuhi moja kumekushinda."