Taa Iliyokataa Kuwaka

Mjukuu wangu hutengeneza chipu, vile vidude vidogo kama ukucha wa mtoto vinavyofikiri ndani ya simu. Siku hiyo tulikuwa tumetoka kupima presha yangu, akanipitisha kazini kwake.

"Kaa hapa, mke mwenzangu, usiguse kitu," akanitania bibi yake.

"Niguse nini? Vyote hivi vina nyaya kama utumbo!"

Tatizo lake nililijua, kwa maana lilikuwa likila nasi mezani. Ndani ya chipu kuna mapigo, kama ya moyo. Pigo moja hupita njia ya mkato, jingine huzungushwa njia ndefu lichelewe kwa pigo moja kamili, ili yatoke sambamba. Yakiwa sambamba, mlinzi aliyemo humo huwasha taa ya kijani: yamelingana, kazi ianze. Sasa chipu ikiwashwa ingali moto, pigo lilikuwa likichelewa kwa mapigo mawili, na bado likatoka sambamba na jingine! Mlinzi akawasha taa, hesabu zikatoka ovyo. Mimi nilimtegea kitendawili: nimealika mgeni jana, kaja leo saa ileile, bawabu kamsifu kwa kuwahi. Alicheka, kisha akalia.

Mkuu wao alikwisha kuikataa kazi yake mara moja. Leo ikidanganya tena, kazi yake yote inatupwa, chipu inakwenda kiwandani na saketi ya zamani, ule mpangilio wa njia uliokuwapo kabla ya wake.

Mkuu akaingia, miwani inaning'inia kifuani. "Umebadilisha nini?"

"Nimeweka mlinzi wa pili katikati ya njia. Pale pigo linatakiwa liwe limechelewa nusu tu. Akilikuta limechelewa zima, anajua mwishoni yatakuwa mawili, anamzuia mwenzake asiwashe taa mpaka njia ijifupishe."

"Maneno matamu. Ipashe moto."

Mtoto wa watu akanikabidhi mashine ya kukaushia nywele. "Bibi, elekeza hapa." Nikaishika kama nachochea kuni mbichi.

"Mfanyakazi mpya?" mkuu akauliza.

"Huyo hatumwezi mshahara."

Mjukuu wangu akaizima chipu, akaiwasha. Taa haikuwaka.

Nikadhani imeshindwa. Nikageuka nimpe pole, namkuta anatabasamu, kaziba mdomo kwa kiganja.

"Mlinzi wa pili kalikamata," mkuu akanong'ona.

Kwenye skrini, kule kuchelewa kukaanza kupungua, taratibu, kutoka mapigo mawili hadi moja. Hapo ndipo kijani kikawaka, na hesabu zikashuka safi, mstari kwa mstari. Wakarudia na kurudia, mpaka mkono wangu ukafa ganzi. Kila mara giza kwanza, kijani baadaye. Maishani mwangu sijapata kushangilia taa isiyowaka!

"Iende hii," mkuu akasema. "Ile ya zamani wekeni kabatini."

Mjukuu wangu akakaa chini palepale sakafuni, akavua viatu, akashusha pumzi kama aliyetuliwa gunia la chumvi.

"Bibi, nifunge macho kidogo tu."

Kabla sijamjibu alikwisha lala, kichwa kaegemeza magotini pangu, anakoroma waziwazi mbele ya bosi wake. Naye bosi akairuka miguu yake kwa kunyata, akatoka kwenda kupigia kiwanda simu nje.