Flashi Haikushika

Bernadina alifika Masumbwe Jumamosi saa nne asubuhi, vumbi la Mwakitolyo likiwa bado kwenye viatu vyake. Jana yake alikuwa huko akipiga picha za mazishi ya mchimbaji aliyefukiwa ndani ya duara, shimo la kuchimbia dhahabu. Mjane alimshika mkono akimwomba alipige picha sanduku kwa karibu, kisha arudie, kisha arudie tena, maana ndugu wa marehemu walikuwa mbali na hawakuwahi. Jioni alirudi kwake Ngokolo, Shinyanga mjini, akaoga, akalala kidogo, na alfajiri akapanda basi. Alikuwa na miaka hamsini na mbili. Magoti yalimuuma, na njia nzima kila alipofumba macho aliona udongo ukimwagika.

Flashi yake ilikuwa na tatizo alilolijua tangu Pasaka. Ule mguu wa plastiki unaoingia kwenye reli ya juu ya kamera ulikuwa umelika, na kipete cha kuukazia kilizunguka tu bila kubana. Ukiinamisha kamera, flashi inacheza kama jino la mtoto. Ikisogea kidogo tu, haiwaki. Nasibu, fundi wa pale sokoni Shinyanga, alimwambia mguu ubadilishwe.

"Niachie siku mbili, Mama Nelly," alisema.

Siku mbili hakuwahi kuzipata. Kulikuwa na harusi, kipaimara, msiba, tena harusi. Akawa anakunja kipande cha boksi anakisokomeza chini ya mguu wa flashi, halafu anazungushia ukanda wa tyubu ya baiskeli. Mara nyingi ilishika.

Ndoa aliyoitiwa siku hiyo haikuwa ya vijana. Bwana harusi alikuwa Mzee Damian, na bibi harusi alikuwa Theopista, mke aliyeishi naye miaka arobaini na nane. Mahari yalitolewa zamani, watoto sita wakazaliwa, lakini kanisani hawakufika. Miaka yote hiyo Damian alikuwa akihama machimbo, na kila aliporudi alisema mwakani. Theopista alihudhuria misa kila Jumapili, na wenzake waliponyanyuka kwenda kukomunika yeye, asiye na ndoa ya kanisa, alibaki kwenye benchi, ameshika rozari. Sasa miguu yake ilivimba, na daktari alikuwa amesema moyo umechoka. Binti yao mkubwa, Agatha, ndiye aliyesema inatosha, akaenda mwenyewe kwa Padre Sostenes kupanga siku.

Agatha alimpokea Bernadina mlangoni pa kanisa.

"Mengine yote ni ziada," alimwambia. "Mimi nataka ile ya pete. Mama akivishwa pete, uso wake uonekane. Humo ndani kuna giza, ndiyo maana nimemwita mtu wa mjini mwenye flashi."

"Itaonekana," Bernadina akasema, na kidole chake kikabonyeza ule ukanda wa mpira kuupima.

Misa ilikwenda vizuri mpaka kwenye pete. Kidole cha Theopista kilikuwa kimevimba, pete ikagomea kwenye kifundo. Damian alisukuma taratibu, akaacha, akasukuma tena. Padre akasubiri. Bernadina alisogea, akaisimamisha kamera wima ili apate mikono na uso pamoja, na hapo alihisi uzito ukihama. Flashi iliteleza kwenye reli, ikaanguka juu ya saruji. Mfuniko ukaruka, betri nne zikabingirika chini ya mabenchi.

Alipiga magoti akazitafuta kati ya miguu ya watu. Mwanamke mmoja alimpa moja, nyingine akazipata nyuma ya kwaya. Alipoinuka, watu walikuwa wanapiga vigelegele. Pete ilikuwa imeingia.

Akairudisha flashi juu ya kamera, akaishikilia kwa mkono wa kushoto huku akipiga kwa wa kulia. Iliwaka mara moja, ikakataa mara tatu. Aliendelea hivyo mpaka mwisho wa misa, jasho likimtoka, bila kuangalia alichokipata. Theopista alipopokea komunyo, flashi haikuwaka.

Nje, watu walipokuwa wakipongezana, Agatha alimfuata.

"Naomba nione ile ya pete."

Bernadina alikuwa na jibu la siku kama hizo. Alishawahi kulitumia: zitaonekana nikishazisafisha nyumbani. Mteja huondoka na matumaini yake, na lawama huja baada ya wiki, kwa simu, mtu akiwa mbali. Alifungua mdomo kulisema. Lakini kulisema kungemlazimu baadaye aseme na la pili, na la tatu, naye hakuwa na nguvu hiyo.

"Sina," akasema. "Flashi ilianguka. Na ya komunyo ni giza. Nilijua mguu wake umelegea, nikaja nao hivyo hivyo. Nisamehe."

Agatha aliitazama kamera. Alishika ncha ya ule ukanda mweusi kwa vidole viwili.

"Umetoka Shinyanga mpaka hapa na kitu kilichofungwa kwa mpira wa baiskeli?"



Wakaenda kwa Theopista, aliyekuwa ameketi kwenye benchi la mbao ubavuni mwa kanisa, mumewe amesimama karibu. Agatha alieleza. Padre Sostenes, aliyesikia akipita, alisema ndoa hairudiwi, ila kuvishana pete tena kwa ajili ya picha si dhambi.

"Basi ivue, mama, tufanye haraka," Agatha akasema.

Theopista aliuinua mkono wake, akautazama. Nyama ilikuwa imefura pande zote za pete.

"Imechukua miaka arobaini na nane kuingia," alisema. "Leo hii unataka itoke?"

Damian akacheka kidogo, kisha akaona mkewe anauma midomo. Ni vile viatu vyeupe alivyonunuliwa na Agatha. Vilikuwa vimezama kwenye miguu. Mzee alipiga goti moja kwenye mchanga, halafu la pili, kwa shida, akishika benchi. Alifungua kamba, akavua kiatu cha kwanza, akauweka mguu wa mkewe juu ya paja la suruali yake mpya, akaanza kuukanda kwa vidole gumba. Theopista alifumba macho. Mkono wenye pete akauweka juu ya bega la mumewe ili asiyumbe.

Jua lilikuwa limepinda kidogo, ukuta mweupe wa kanisa ukirudisha mwanga usoni pake. Bernadina aliitoa flashi kwenye reli, akaitia mfukoni, akapiga mara mbili.

Agatha alisikia mlio wa kamera.

"Futa hiyo," alisema kwa sauti ya chini. "Baba yangu hapigi magoti mbele ya watu. Wajomba wataiona, watasema nini?"

Bernadina akamtazama mzee. Damian aliinamisha kichwa lakini hakuuachia mguu.

"Agatha," Theopista akaita, macho bado amefumba. "Nilipokuzaa wewe baba yako alikuwa machimboni. Nilikaa siku tatu na uchungu. Alikuja ukiwa umeanza kutambaa. Hiyo hakuna aliyeipiga picha, lakini watu wote wa hapa wanaijua. Hii nayo waijue."

Agatha alimgeukia baba yake.

"Ibaki," Damian akasema.

Agatha aliondoka, akaelekea kwenye masufuria nyuma ya nyumba ya mapadre. Baada ya muda alirudi na sahani ya wali na nyama, akaiweka kwenye mapaja ya Bernadina, ambaye Theopista alikuwa amemketisha kando yake.

"Kula. Bado nina hasira na wewe."

"Najua, mama," Bernadina akasema.

Damian aliitwa kusalimia wageni. Wanawake wawili wakabaki peke yao.

"Wewe uliolewa kanisani?" Theopista akauliza.

"Niliolewa. Kwa nyimbo na keki. Baada ya miaka minne akaondoka."

"Mayu," Theopista akasema kwa Kisukuma, yaani mama, kama mtu anayempa mwenzake pole, na hakuuliza zaidi.

Bernadina alikula taratibu. Alikuwa amefika nusu ya sahani alipohisi kichwa kizito kikimwegemea begani. Bibi harusi alikuwa amelala, mdomo wazi, miguu mitupu juu ya viatu vyake.

Mlangoni pa kanisa watu walikuwa wamejipanga kwa ajili ya picha ya ukoo, watoto mbele, wajomba nyuma na makoti yao. Agatha alikuja akipunga mkono, akasimama hatua chache kutoka kwenye benchi.

"Waambie wasubiri kidogo," Bernadina akasema, bila kusogeza bega.

Agatha alimwangalia mama yake kwa muda mrefu. Kisha akarudi mlangoni akawaambia watu wakae.