Mkanda wa Mzee Kamba

Niliposema naenda ng'ambo kusomea ukufunzi wa nje, shangazi yangu aliuliza nje ya wapi. Nikamweleza: kupandisha watu miambani kwa kamba, kuwavusha mito kwa mtumbwi, kuwalaza kwenye mahema na kuwarudisha kwao wazima. Akasema, "Kwa hiyo unakwenda kusomea kuchoka." Ukoo mzima ulicheka isipokuwa baba. Yeye alimtangazia kila mtu kwamba binti yake atakuwa mwalimu, na mwalimu ni mwalimu hata akifundishia juu ya mti.

Miezi minane nililala chumba kimoja na mwanafunzi mwenzangu tuliyemwita Kiroboto, nyuma ya chumba cha kukaushia viatu. Harufu ya soksi mbichi iliingia mpaka kwenye mswaki. Nilizoea kuvaa nguo tatu, moja juu ya nyingine, na kula nimesimama. Kumwita kila mtu kwa jina lake tupu, hata mtu wa rika la babu yangu, hilo lilinishinda. Mkufunzi mkuu, mwenye miaka sitini na ushee, nilimwita Mzee Kamba. Aliniuliza maana yake, nikamwambia ni heshima. Akalipenda.

Ukutani, juu ya misumari ya kutundikia mikanda, palikuwa na maneno matatu kwa herufi kubwa: ANGALIA, GUSA, SEMA. Kabla mtu hajasogea ukingoni mwa mwamba, msimamizi anaangalia mkanda wake wa kiunoni, anaushika kwa mkono, kisha anasema kwa sauti kama uko sawa au hauko. Mkia wa mkanda lazima upite kwenye kifungio mara mbili. Ukipita mara moja unashika kidogo tu, halafu unaachia. Kiroboto alikuwa anamvuta Mzee Kamba kiuno kama anafunga mzigo. "Umelegea, rudia," anasema, na mzee anarudia huku anacheka. Mimi nilikuwa natazama pembeni. Kwetu hushiki kiuno cha mzee, wala humwambii mbele ya watu kwamba amevaa vibaya. Ukiona zipu yake iko wazi, unamtafuta mtu wa rika lake amnong'oneze.

Cheti ndicho kilichokuwa roho yangu. Bila cheti kituo kisingeniajiri, na bila ajira kibali changu cha kukaa kilikuwa kinakwisha mwisho wa mwezi. Nilifaulu mtumbwi, nikafaulu ramani, nikafaulu huduma ya kwanza. Ukabaki mtihani wa mwamba, wa kumteremsha mgeni kwa kamba.

Siku hiyo baridi ilikuwa inakata. Mimi ndiye msimamizi. Mzee Kamba alijifanya mgeni, na mkurugenzi wa kituo, mama mmoja asiye na mchezo, alishika kamba ya pili ya tahadhari iliyofungwa kwenye mkanda wa kifuani wa mzee. Mzee alivaa ule wa kiunoni huku anapiga soga. Niliangalia. Mkia ulikuwa umepita mara moja.

Niliona vizuri, sidanganyi. Nilijua la kufanya, mdomo ukakataa. Nikazunguka.

"Mzee, baridi hii inaua vidole," nikasema. "Mtu anaweza kufunga kitu akadhani amefunga."

"Kweli kabisa," akasema, akipulizia mikono yake.

"Hujisikii kama unataka kukaza kidogo?"

"Niko sawa, usijali."

Kwetu, hapo mzee angejikagua kuanzia unyayo. Mtoto hazunguki hivyo bure. Huyu akarudi kinyumenyume mpaka ukingoni, akaegemea nyuma, na mkanda ukaachia. Kamba ya pili ilimdaka akiwa ameshaporomoka kimo cha mtu mzima. Alijigonga nyonga kwenye jiwe, na kofia yake ngumu ikakwaruza mwamba kwa sauti ambayo mpaka leo inanitoa jasho. Tulimvuta juu, uso umempauka.

Ofisini tuliketi watatu. Mkurugenzi aliweka karatasi mezani. "Uliona kwamba mkanda haukufungwa sawasawa?"

Kabla sijajibu, Mzee Kamba akadakia. "Hakuona. Koti langu lilifunika kifungio. Arudie mtihani wiki ijayo." Alinitazama, ameshikilia mfuko wa barafu nyongani, nikaelewa kwamba ananipa mlango wa kutokea. Wiki moja tu, na kibali changu kilikuwa bado kina siku kumi na mbili.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Miezi minane sikuwahi kumpinga yule mzee hata kwa kupepesa kope. Siku hiyo nikaona haya kumwacha mtu mzima aseme uongo kwa ajili yangu. Nikasema, "Niliona."

Mkurugenzi akaweka kalamu chini. "Na ukanyamaza."

"Sikunyamaza. Nilimwambia habari ya baridi."

"Asiyeona tunamfundisha," alisema, bila ukali, na heri angenifokea. "Wewe unaona halafu unamwacha mtu aende. Siwezi kukukabidhi wageni. Hutarudia mtihani."

Mlangoni Mzee Kamba aliniuliza kama nilikuwa namwogopa. Nikamwambia hapana, nilikuwa namheshimu. "Bila kamba ya pili ningevunjika shingo," akasema, akaondoka anachechemea. Nilimchukia siku mbili nzima, kisha nikajichukia mwenyewe.

Jumamosi mchana nikampigia baba. Nilimweleza yote, tangu mkanda mpaka ofisini. Nilitaka agombe. Nilitaka aseme mwanangu umeniangusha, nilie, yaishe.

"Hao watu hawana adabu," baba alisema. "Wewe umefanya sawa. Hukumwaibisha mtu mzima mbele ya mkubwa wake. Hivyo ndivyo nilivyokulea, na kila atakayeniuliza nitamwambia."

Nilikuwa nimekaa sakafuni, begi limefungwa nusu, Kiroboto ametoka makusudi aniachie chumba.

"Baba, umekosea," nikasema. "Yule mzee angekufa. Angekufa kwa adabu yangu, na wewe unanisifu."

Nikasikia kiti kikisogezwa, kisha sauti ya mama, chini chini. "Umemwambia nini baba yako? Ametoka nje bila viatu."

"Nimemwambia kweli, Mama."

"Kweli gani hiyo? Katika nyumba hii hakuna mtoto aliyewahi kumjibu hivyo. Ngoja nimwite. Mwombe radhi."

Nilisubiri. Nikasikia nyayo za baba zikirudi, kisha pumzi zake kwenye simu. Alikuwa anangoja.

"Nisamehe, Baba," nikasema. "Nimekosea mimi."

"Yameisha," akasema. "Sasa unarudi lini, niwaambie watu?"